Msifungue Mpaka Niseme

"Alicheua, wifi. Mtoto alicheua, ndiyo maana akanyamaza. Jina halikuhusika."

"Wewe ulikuwa hoi kwa uzazi, ungejua nini?"

"Nilikuwa nimemweka begani. Maziwa yalinishuka mgongoni mpaka kiunoni. Wewe ulisimama mlangoni unataja majina ya wafu kama anayeita kuku, ulipofika kwa Kalunde mtoto akatoa upepo, akatulia. Ungetaja mbuzi wakati ule, leo tungekuwa tunampeleka zizini."

Wifi yangu Nyamizi hakucheka. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya binti yangu, kibuyu cha samli kati ya magoti, anampaka mabega kwa viganja vizito. Binti alikuwa amekaa kwenye mkeka baina yetu, anatutazama kwa zamu kama mtu anayeona wageni wawili wakigombea kitanda alicholalia yeye.

"Shangazi," alisema, "samli imeingia sikioni."

"Tulia, Kalunde."

"Milembe," nikasema mimi.

"Kalunde," akasema wifi.

"Nipo," akasema binti. "Nani kati yenu ana kitambaa?"

Kwetu mtoto mchanga akilia bila kukoma, shangazi yake husimama mlangoni akataja majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka mtoto anyamaze. Jina analonyamazia ndilo lake. Husemwa kwamba mwenye jina ndiye aliyekuwa akimliza, akidai arudi. Desturi hiyo sina ugomvi nayo. Mimi mwenyewe nina jina la bibi mmoja aliyejulikana kwa kuiba viazi, na limenikaa vizuri. Lakini jina la Kalunde halikuwa jina la kubebea maji. Kila aliyelipata alikuwa na kigoda kinachomngoja langoni, na aliyekaa juu ya kigoda kile hakuinuka tena akiwa mtoto wa mtu.

Na asubuhi ile kigoda kilikuwa kitupu. Kalunde aliyetangulia alikuwa amefia hapohapo alipokaa, na tangu afe jua lilikwama juu ya paa la ghala. Halikupanda wala halikushuka. Maharage yangu yalikuwa motoni, maji yakichemka, na maharage yakabaki magumu kama changarawe. Kuku walikaa kwenye viota wakiwaza. Nyumba ya pili mke wa jirani alikuwa na uchungu wa kujifungua usioenda mbele wala kurudi nyuma, na tulimsikia akiguna kwa sauti ileile, pumzi ileile, kama mtu anayepanda ngazi ambayo kila akikanyaga inashuka. Mji mzima ulijua dawa yake. Kalunde akae, asubuhi iendelee. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kalunde wote, na sikuweza kusema ni uongo, kwa sababu niliwahi kuona kwa macho yangu.

Asubuhi isiyokwisha humchezea mtu. Niliingia jikoni nikiwa mama, nikatoka nikiwa msichana ambaye hajaposwa, nywele zake fupi, anatafuta mtu wa kumkimbiza. Nilimtazama wifi nikaona mtoto, nikapepesa nikaona ajuza, nikapepesa tena nikamwona mwenyewe na kibuyu chake. Hapo ndipo mtu hujiuliza maswali ambayo siku zenye kazi humwepusha nayo. Binadamu anakuwa nani kabla hajaitwa? Chungu ukikiita kinu, kitaendelea kuvunjika kama chungu, hakina habari na maneno yako. Lakini mtu ukimwita jina la mwingine, anageuka kukutazama. Kesho anageuka upesi zaidi. Ipo siku anageuka jumla, na yule aliyekuwa akikupa kisogo hayupo tena. Nilikuwa nimemwita binti yangu Milembe tangu yumo tumboni, nikamwita hivyo jikoni, kisimani, kwenye homa, nikipigia jina lile misumari. Wao walikuwa mji. Mimi nilikuwa mdomo mmoja.

"Wifi," nikasema kwa upole kiasi nilichoweza, ambacho si kingi, "kwa nini unamtaka yeye hasa akae? Wapo wasichana wenye hamu."

Nyamizi aliziba kibuyu. "Dada yangu yumo humo," akasema. "Asipokaa mtu, sitamsikia tena hata kikohozi chake."

Kalunde aliyefia kigodani alikuwa Holo, dada yake mkubwa. Alikalishwa akiwa msichana, Nyamizi akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni, na tangu siku ile mdogo alikuwa akipiga magoti mbele ya dada yake kama watu wote. Nikampa binti kitambaa.

*

Kalunde wa kwanza hakuwa malkia. Alikuwa msichana mwenye upinde wa baba yake. Msafara ulikuja na bunduki na minyororo kutafuta watu wa kwenda kuuza, siku ambayo nusu ya mji ilikuwa imekwenda kuchota chumvi bondeni. Alikusanya wanawake, wakateremsha gogo la lango kwenye ndoana zake, akapanda juu ya ukuta, akarusha mishale mpaka kidole kikachanika. Kisha akatamka maneno ambayo mtoto wetu huyajua kabla hajajua kuomba maji: Msifungue mpaka niseme.

Hakusema. Alikaa kwenye kigoda cha bawabu, akafa. Nje ya ukuta, upande wa bondeni, vumbi likaonekana, na halijaacha kuonekana. Tumezaa, tumezika, tumelima ndani ya ukuta. Tunakula bila chumvi na tunaita ladha hiyo heshima. Kila Kalunde anapokaa, huuliza: vumbi bado lipo? Bawabu hujibu: lipo. Naye husema: msifungue mpaka niseme. Tunapiga vigelegele, jua linajikokota, tunarudi kwenye mabamia yetu.

Tulikuwa tukienda huko langoni, sisi watatu, tukipita katikati ya watu waliojipanga. Kivuli changu hakikunifuata. Kilibaki pale kilipokuwa, kikaja baadaye kama kimekumbushwa. Milembe alinishika kidole kimoja, kama alivyofanya alipokuwa akijifunza kutembea.

"Mama, nikishakaa, utanijuaje?"

"Kwa magoti. Hakuna Kalunde aliyewahi kukaa na magoti yaliyochubuka namna hiyo. Unapanda ukuta kila siku, unadhani sijui."

"Napanda kuangalia vumbi."

"Na umeona nini?"

"Si vumbi, mama. Ni makapi."

Nilisimama. Wifi akanigonga mgongoni kwa kibuyu.

"Vumbi la miguu linatambaa," alisema Milembe. "Hili linapanda juu, linang'aa, halafu linakatika, kama mtu amepumzisha mikono. Kuna watu wanapeta nafaka kule."

Nimepeta mtama tangu nikiwa na meno ya utoto. Najua makapi yanavyoruka, yanavyotafuta jicho, yanavyong'aa jua likiwa ubavuni. Lile vumbi nilikuwa nimeliona kila siku ya maisha yangu, na sikuwahi kulitazama. Nilikuwa nimeambiwa ni nini, na aliyekwisha kuambiwa hana haja ya macho.

"Ungesema."

"Nilisema. Mzee Igembe akaniambia msichana wa jina lile hatazami, anatazamwa."

Igembe ndiye bawabu. Baba yake alikuwa bawabu, na babu yake, na sijui kama yupo aliyewahi kuwauliza wanalinda nini. Alikuwa amesimama kando ya kigoda, fimbo mkononi, uso wa mtu aliyemeza mfupa na anaona aibu kukohoa.

"Basi twende nyumbani," nikasema. "Kama ni makapi, hakuna haja."

Milembe alitega sikio upande wa nyumba ya jirani. Kule mwanamke aliguna, ngazi ileile. "Yule je?" akauliza. Kisha akasema, "Nataka kumuuliza mwenyewe. Yule wa kwanza. Hakuna aliyewahi kumuuliza kitu, mama. Sisi ndio huulizwa."

Akakiachia kidole changu, akaenda, akakaa.

*

Watu wote wakapiga magoti, nyuso chini. Ndiyo adabu ya langoni. Mimi sikupiga. Si ushujaa, nilikuwa namtazama mtoto wangu, na huwezi kumtazama mtu huku paji la uso limegusa mchanga.

Nikaona anavyoondoka. Ilikuwa kama kuona maji yakishuka ndani ya mtungi: mtungi uleule, lakini kile kilichong'aa mdomoni kimezama. Macho yakabaki, mwangalizi akawa mwingine. Kisha mdomo ukafunguka, na maneno yakaja vipande vipande.

"Bado mchana. Mkono huu. Huu si wangu, wangu una kovu la uzi wa upinde. Nani ameunguza maharage. Mama nilimwambia akae mbali na lango. Alikaa? Mimi ni nani sasa hivi, nimetoka kuwa mwingine, alikuwa anakohoa, alikuwa mzee, mimi sijawahi kuwa mzee. Nipeni mshale. Hapana. Ngojeni. Vumbi. Vumbi bado lipo?"

"Lipo, Kalunde," akasema Igembe kwenye mchanga.

Mdomo wa binti yangu ukaanza kutengeneza lile neno la kwanza.

"Ngoja," nikasema.

Mgongo wa mji mzima ulikakamaa. Nilikwenda mpaka kwenye kigoda, nikachuchumaa mbele yake, tukawa macho kwa macho.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Mama wa mwili uliokalia."

Akautazama ule mwili, mabega yenye samli, magoti yaliyochubuka. "Samahani, mama," akasema. "Sikuomba."

Sauti ilikuwa ya msichana. Sijui nilitarajia nini, ngurumo labda. Ilikuwa sauti ya msichana aliyetumwa akachelewa na anaogopa kugombezwa, na hasira niliyokuja nayo ikakosa pa kukaa.

"Umeniunguzia maharage mwenyewe, kwa taarifa yako," nikasema. "Hebu niambie. Uliposema wasifungue, ulitaka lango lifungwe mpaka lini?"

"Mpaka jioni."

Nilisikia mtu nyuma yangu akiinua kichwa. Mchanga hutoa sauti yake ukibanduka usoni.

"Jioni ipi?"

"Jioni ileile." Alinishangaa. "Punda wao walikuwa na kiu. Nilijua jua likipoa wataondoka kutafuta maji. Nilitaka nipande tena niangalie, niwaambie wafungue, wenzetu warudi kutoka kwenye chumvi. Nikasema nipumzike kidogo. Kulikuwa na kitu hapa." Akagusa ubavu wa binti yangu, chini ya titi la kushoto. "Nikifumbua macho, watu wamepiga magoti. Nauliza vumbi, naambiwa lipo. Nikadhani ni mchana uleule. Ni mrefu sana, mama. Sijawahi kuona mchana mrefu hivi."

Mahali fulani nyuma kabisa mwanamke alirudia kwa sauti ndogo, "Mpaka jioni," na akacheka. Hakikuwa kicheko cha dharau. Ni kile cha mtu anayetafuta ufunguo nyumba nzima, akaukuta mkononi. Kilimkimbilia mwenzake, na mwenzake, na wengine wakainuka wakakaa vitako ili wacheke vizuri.

Nikafikiri: basi hii ndiyo mamlaka yote tuliyokuwa tukiitetemekea. Msichana alisema neno la kumtosha alasiri moja. Neno lilikuwa na akili, lilikuwa na kazi, liliokoa watu. Kazi ikaisha. Aliyelisema akafa, sisi tukalishika, tukalivika nguo, tukaliwekea bawabu na samli, tukaanza kulilisha watoto wa kike mmoja baada ya mwingine ili lisife. Nani basi alikuwa anatawala? Yeye hakuwepo. Labda amri ni kama moto wa jirani: hauwaki kwako mpaka ukaufuate mwenyewe na kijinga mkononi.

"Amri ni amri," akasema Igembe. Alikuwa bado chini.

"Mzee, mimi ndiye niliyeitoa," akasema Kalunde.

"Ndiyo, mwanangu. Lakini sisi ndio tulioitunza."

Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa mtu aliyebeba mzigo maisha yote, sasa anaambiwa ndani mlikuwa na majani.

Uso wa binti yangu ukatikisika tena. "Tupo wengi humu," ukasema mdomo, na safari hii sauti ilikuwa pana zaidi, yenye kikohozi. "Nyamizi. Bado unaficha maganda ya karanga chini ya mkeka?"

Kibuyu kilimtoka wifi. Samli ikatambaa mchangani. "Dada," akasema. "Dada Holo. Mbona miaka yote hukuniambia neno?"

"Ulikuwa umeinamisha uso. Ningezungumza na kisogo?"

"Ilikuwa adabu."

"Najua. Nilikukumbuka sana, lakini nilizoea kukujua kwa utosi. Umeanza mvi, mdogo wangu." Akavuta pumzi. "Humu tumebanana. Hakuna hata mmoja anayehitaji mwenzake aongezeke. Mtoe mtoto."

Wifi alilia, lakini kilio kile kilikuwa na mapumziko ndani yake, kama mtu anayeshusha kuni kichwani na shingo bado inauma. Alitambaa mpaka kigodani, akashika miguu ya binti yangu, akasema jina ambalo hakuwahi kulitamka: "Milembe. Milembe, mwanangu, rudi. Shangazi amekuita."

"Akiinuka jua litasimama moja kwa moja," akasema Igembe.

"Basi mwenyewe na aseme," nikamjibu, nikamgeukia yule wa kwanza, kama bado alikuwa karibu na mdomo. "Kalunde, sema fungueni, ukalale."

Alikuwa karibu. Alitikisa kichwa. "Siwezi, mama. Mimi najua mchana mmoja tu, na katika mchana huo nje kuna bunduki. Mkinipa mdomo mara mia nitasema yaleyale. Aseme anayejua mchana mwingine."

Kisha macho yakajaa tena, kama mtungi. Nilijua kabla hajasema kitu. Mama anajua uzito wa mtoto wake hata kwa kuutazama.

"Nilimuuliza," akasema Milembe. "Ni mpole. Anaogopa sana."

Akaweka mikono juu ya magoti yake yaliyochubuka, akainuka.

Hakuna aliyewahi kuinuka pale. Tulitazama jua, wote, kama wajinga, mpaka macho yakatoka machozi. Likatikisika. Likabanduka kwenye paa la ghala kama ukoko unaobanduka chunguni, likasogea. Vivuli vikanyooka kila kimoja kumtafuta mwenyewe. Kuku akatangaza yai. Na kutoka nyumba ya pili kikaja kilio chembamba, kikali, cha mtu mpya kabisa, na sauti ya jirani ikisema, "Ah, jamani, ah," kama aliyefika juu ya ngazi. Nilisikia njaa, na njaa ile ilinifurahisha kuliko chakula. Watu walikumbatiana ovyo, wengine na watu waliokuwa hawasemeshani. Wifi aliniegemea begani kwa uzito wake wote, naye si mwembamba, nikamwacha.

"Jua halikukihitaji kigoda," nikasema.

"Nyamaza, wifi," akasema. "Umeshinda, usiongee."

Milembe hakuwa amekumbatia mtu. Alikuwa amesimama mbele ya lango, anatazama gogo.

Igembe alimwona kabla yangu. "Mwanangu," akasema, na kwa mara ya kwanza sikusikia bawabu, nilisikia mzee, "na kama ni wao?"

Lilikuwa swali la haki. Makapi yanaweza kuwa makapi, na anayepeta anaweza kuwa na bunduki ameiegemeza kwenye mti. Furaha ilikuwa imetutosha. Tungeweza kurudi nyumbani nayo. Asubuhi ilikuwa imekwisha, mtoto amezaliwa, binti yangu ni binti yangu. Tungefunga mjadala pamoja na lango, na hakuna ambaye angetulaumu.

"Simwamrishi mtu," akasema Milembe. "Sisemi fungueni. Nasema mimi nakwenda kuangalia. Nikikuta ni wao nitapiga kelele, mfunge."

"Ukiwa upande upi?" nikauliza.

Hakujibu. Hakuwa mtoto wa kudanganya.

Nilikuwa nimegombana asubuhi yote, asubuhi ndefu kuliko zote, ili nibakiwe na Milembe. Na huyu hapa. Kalunde angekaa. Kalunde angebaki mahali ninapomwona, amepakwa samli, hadhuriki, mpaka azeeke. Milembe niliyempigania ndiye huyu anayepanda kuta, na kumtaka yeye ni kumtaka pamoja na magoti yake. Nilimtazama kwa muda wa pumzi moja, nikaona kwamba mtu hawezi kumtetea mtoto asiwe sanamu, kisha akamzuia asitembee.

"Unakuja, mama, au nimwite shangazi?"

"Shika katikati," nikasema. "Wifi, kamata kule mwisho. Mzee Igembe, kama huinui, sogea, usipondwe vidole."

Lilikuwa zito. Nalisema hili wazi kwa sababu siku hizi watu wanapenda kusimulia kwamba liliinuka lenyewe kama unyoya. Halikuinuka lenyewe. Ndoana zilikuwa zimelimeza, mchwa walikuwa wamekula ganda na kuacha moyo mgumu. Tulihema, wifi akatukana ukoo wa aliyelichonga, tukalitua, tukajifuta viganja, tukalishika tena. Mara ya pili nikaona bega la nne limeingia chini yake, bega kavu, na Igembe akinung'unika kwamba tunainua vibaya, kwamba gogo huinuliwa kutoka upande wa bawaba, kwamba hakuna aliyemuuliza. Tukainua kutoka upande wa bawaba. Likatoka, likaanguka, likatingisha ardhi, na watu wakaruka nyuma.

Milembe akalivuta lango. Nyasi zilizoota chini yake zikakatika. Mwanga wa nje ukaingia, ulikuwa kama wa ndani.

Akapiga hodi kutokea ndani, akatoka kabla hajaitikiwa, nami nikamfuata.